Chungu Hufunuliwa Adhuhuri

Nyuma ya stesheni ya zamani ya Kilosa kuna mabenchi mawili yaliyoundwa kwa mataruma ya reli. Ni mazito kiasi kwamba hata mafuriko ya mto Mkondoa, yaliyobeba milango na mbuzi wa watu, hayakuyasogeza. Hapo ndipo Yassin huweka jiko lake la mkaa na dele la kahawa kila asubuhi, akatumbukiza vikombe kwenye ndoo ya maji, na wanaume wa mtaa ule wakakutana kumaliza mambo ya dunia. Treni mpya itasimama wapi, mtoto wa fulani kafeli kwa nini, mahindi yameanza kunyauka kwa sababu gani: hakuna swali lililowahi kufika pale likarudi nyumbani bila jibu. Mara nyingi lilirudi na majibu manne, yote yametolewa kwa sauti kubwa. Ndiyo maana siku ile Wenceslaus, mtu ambaye hata kahawa huagiza kwa kuinua kidole, alikuja na swali.

Kijiweni walimwita Kimya. Alimwamkia mzee Yeremia, akaitikiwa marahaba, akawapa wengine mkono, kisha akakaa pembeni kabisa ya benchi na kufungua leso aliyokuwa ameishika kwa mikono miwili.

Ndani ya leso mlikuwa na uyoga mmoja. Kofia yake ilikuwa pana kama kisosi, rangi ya chungwa lililoiva kupita kiasi, na ilikuwa inang'aa kwa unyevu. Upande wa chini ulikuwa mweupe. Shina lilikuwa limekatwa kwa kisu. Na pale juu, karibu na ukingo, palikuwa na doa moja jeupe, kama tone la uji wa muhogo lililokaukia hapo.

– Nataka kujua huu ni uyoga gani, alisema Wenceslaus.

– Kimya kaongea! alipiga makofi Kondo. Yassin, mpe kahawa huyu, leo ni sikukuu.

Kondo aliitwa Redio, kwa sababu simu yake haikuzimwa na mdomo wake pia. Kabla kahawa haijafika alikuwa ameshaupiga picha uyoga kwa juu, kwa chini na kwa ubavu.

– Naurusha kwenye grupu la mtaa. Dakika tu, jibu unalo.

– Subiri kwanza, Kondo.

– Umeshakwenda, kaka. Grupu lina watu wa kila aina mle. Hadi mabwana shamba wamo.

Wenceslaus akaitazama simu ile kama mtu anayetazama nyasi alizoziona zikitikisika bila upepo. Akauliza tu:

– Hukuandika jina langu?

– Nimeandika "kuna jamaa". Wewe si jamaa?

Mzee Yeremia aliinama kuutazama uyoga bila kuugusa. Huyu alikuwa nyapara wa gengi la reli enzi zake, na watu walimwita Mataruma. Alikuwa amefanya kazi miaka mingi na marehemu Mathayo, baba yake Wenceslaus, na kila mara alipomtazama kijana huyu, ambaye sasa naye alikuwa na mvi, alimtazama kama anayemtafuta mtu mwingine nyuma yake.

– Umetoka wapi? aliuliza.

– Milimani, baba. Juu ya Lumuma, kwenye msitu wa mipaini uliopandwa.

– Mipaini, alirudia mzee, na akaegemea nyuma.

Wenceslaus hakuwaambia yote. Nyumbani kwake siku hiyo kulikuwa na watu kuanzia mlangoni hadi kwenye mipapai. Ilikuwa kumbukumbu ya baba yake. Misa ilikuwa imesomwa asubuhi, ndugu wa Munisagara na wa Msowero walikuwa wamefika na watoto wao, na juzi yake alikuwa ameteremka kutoka Lumuma shangazi Hildegarda, dada pekee wa marehemu aliyebaki, akiwa na tenga la uyoga kichwani, kwa sababu kaka yake alipenda uyoga kuliko nyama.

Katika ukoo wao uyoga una utaratibu, na shangazi ndiye aliyeushika. Aliyeokota ndiye anayepika. Akishapika, anakula yeye kwanza, peke yake, mbele ya watu. Kisha chungu kinafungwa kwa kitambaa na hakiguswi mpaka kesho yake, jua likifika utosini. Kama aliyeonja yuko mzima, anakifunua kwa mkono wake, na hapo ndipo watoto wanapakuliwa. Wenceslaus alikula hivyo tangu ana meno ya utoto. Hakuna aliyewahi kudhurika.

Jana alasiri shangazi alipika, akala, akakifunga chungu. Kabla jua halijazama alianza kucheka. Alicheka taratibu, kama mtu anayesimuliwa jambo. Kisha akasogea kwenye mkeka, akaacha nafasi, akasema, "Kaa hapa, kaka." Akaongea na marehemu mbele ya watoto, akamuuliza miguu yake inaendeleaje, akamlaumu kwa kutokuja msimu wa kuvuna maharage. Jasho lilimtoka, macho yamekodoka. Baada ya hapo akalala usingizi mzito hata kumtikisa hakukumwamsha. Wenceslaus alikaa karibu naye akisikiliza pumzi yake.

Asubuhi aliamka, akanawa uso, akaenda misani kwa miguu yake. Aliporudi alisema, "Mimi si mzima? Basi adhuhuri nafunua."

Na sasa kivuli cha nguzo ya stesheni kilikuwa kinazidi kufupika.

– Mimi nitakwambia ukweli, alisema Godfrey, akivuta kola ya shati. Huo uyoga naufahamu.

Huyu alikuwa amewahi kuendesha gari la watalii kule mbugani Mikumi, msimu mmoja, na msimu ule haukuwahi kwisha mdomoni mwake. Jina lake la kijiweni lilikuwa Mikumi.

– Unaufahamu wapi, wewe? alidakia Kondo. Mbugani kuna mipaini?

– Tulia, Redio. Nilikuwa na mzungu mmoja, mtu mzima, mwalimu kabisa. Tumekaa tunasubiri tembo wavuke, akanichorea kwenye vumbi la kioo cha gari. Akaniambia kwao uyoga mwekundu wenye madoa meupe unachorwa kwenye vitabu vya watoto. Vijibwana vidogo vinakaa ndani yake, na dirisha vimeweka. Sasa nikuulize: kitu cha sumu unamchorea mtoto wa nini?

– Huu hauna madoa, alisema Yassin akimimina kahawa. Una moja tu.

– Mvua imeosha. Lile moja ni ushahidi. Basi, kwa vile unachorwa kwenye vitabu vya watoto, ni salama. Kesi imefungwa.

– Hata nyoka anachorwa kwenye vitabu vya watoto, alisema Yassin.

– Nyoka ni wa Biblia, hiyo ni nyingine.

Walicheka. Wenceslaus hakucheka. Alisema:

– Yule mzungu alikwambia kwao wanaula?

Godfrey akajikuna kidevu.

– Alisema... kuna watu wanaula. Lakini hawali kwa njaa.

– Wanakula kwa nini?

– Wanakula ili waone vitu. Alisema mtu akiula anaona nyumba inapumua. Anaona kiti kimekaa juu ya mtu. Sasa mimi nikajua ananipiga kamba, si unajua watalii.

Wenceslaus aliweka kikombe chini kwa uangalifu.

– Jibu la kwanza hili hapa! alisema Kondo, macho kwenye simu. "Mtamu sana na nazi, weka bamia." La pili: "Sumu, tupa." La tatu, "Tupa, kisha nawa mikono, kisha tupa sabuni." La nne huyu anauza kiwanja.

– Ndiyo grupu lako la mabwana shamba hilo? aliuliza Godfrey.

– Ngoja, kuna kipimo hapa. Unachemsha na kitunguu. Kitunguu kikigeuka cheusi, sumu. Kikibaki cheupe, unakula.

– Shemeji yangu mmoja alipima hivyo hivyo, alisema Yassin. Kitunguu kilibaki cheupe. Yeye ndiye aliyegeuka.

Hapo hakuna aliyecheka.

– Tazameni hapa, Godfrey aliuinua uyoga kwa ncha ya vidole. Konokono kautafuna hapa ukingoni. Mnaona? Konokono si mjinga. Na mimi nawaambia, mimi naweza kuula sasa hivi, mbichi, na kahawa juu yake.

Yassin alimpokonya uyoga ule na kuurudisha kwenye leso.

– Usiniletee maiti kwenye benchi langu. Konokono umemfuata nyumbani kwake ukajua amelalaje?

Mzee Yeremia alikohoa. Alipokohoa hivyo, watu walijua anataka nafasi.

– Nyie mnaongelea uyoga. Mimi nauongelea mti. Mipaini si ya hapa. Babu yangu aliletwa kuja kukata mkonge, na mimi nikakaa kwenye reli, kwa hiyo najua mgeni anavyokuja. Mgeni haji mikono mitupu. Mti ule ulipoletwa ulikuja kwenye udongo wake. Na ndani ya udongo ule kulikuwa na vitu ambavyo havikuombewa ruhusa.

– Vitu gani, mzee? aliuliza Kondo, na kwa mara ya kwanza aliishusha simu.

– Umewahi kuingia kwenye msitu wa mipaini? Ingia usikilize. Hakuna ndege. Chini hakuna jani, kuna sindano tupu, unatembea husikii hata mguu wako. Kuna mtu wa gengi letu aliingia kujisaidia kule juu, tukiwa tumetumwa kufuata magogo. Alitoka upande mwingine akiwa amevaa shati kinyume, na akatuuliza sisi ni kina nani. Mtu tuliyekula naye asubuhi!

– Alikuwa amekula uyoga?

– Hatukujua. Lakini mfukoni alikuwa nao.

Upepo kutoka mtoni ulipita ukapeperusha majivu ya jiko. Wenceslaus aliangalia nguzo ya stesheni. Kivuli kilikuwa kimekaribia mguu wa nguzo.

– Nimefikiria, Godfrey alisema, sauti yake ikiwa chini kuliko kawaida. Hiyo reli waliyoijenga Wajerumani. Walikufa wangapi na homa? Walizikwa wapi? Unasikia wamezikwa sehemu fulani, unakwenda, hakuna kaburi. Sasa kama waliopanda mipaini walipanda juu yao...

– Mipaini ya juzi hiyo, bwana! alidakia Kondo.

– Mti wa juzi, mzizi unakwenda kwa wa zamani. Ukila kinachoota pale unakula nani?

– Godfrey, acha, alisema Yassin. Kisha akamgeukia Wenceslaus, na sauti yake ikawa laini. Kaka. Mtu haji na uyoga kwenye leso kama hakuna aliyekula. Ni nani?

Wote walimtazama. Wenceslaus alikuwa amejiandaa kwa swali hilo tangu alipotoka nyumbani, na bado lilimkuta mikono mitupu.

– Kuna mtu mmoja. Alikula kidogo jana. Yuko mzima.

– Hospitali amekwenda?

– Amekataa. Anasema haumwi.

– Na jana alifanyaje?

– Alicheka. Kisha aliongea.

– Kuongea si ugonjwa, alisema Kondo. Mimi je?

– Aliongea na mtu aliyekwishakufa, alisema Wenceslaus. Alimpa nafasi kwenye mkeka.

Yassin alisema "Audhubillahi" polepole. Kondo akarudi nyuma kwenye benchi kana kwamba uyoga ule ulikuwa umesogea. Godfrey akajifuta vidole kwenye suruali, akavitazama, akavifuta tena.

– Nani aliuokota? aliuliza mzee Yeremia.

– Huyo huyo aliyekula.

– Mwanamume au mwanamke?

Wenceslaus hakujibu.

– Ni mwanamke, alisema Godfrey. Angekuwa mwanamume, angekwisha tuambia. Mtu mzima?

– Kama ni kikongwe, alisema mzee Yeremia taratibu, basi tuache habari za uyoga. Kikongwe anayeingia mwenyewe kwenye msitu usio na ndege, akatoka na chakula, akala na marehemu, na asubuhi akaamka hana hata kichwa kinachomuuma. Huyo, uyoga haukumfanya kitu. Huyo na uyoga wanajuana.

– Na anataka wengine wale? aliuliza Kondo.

– Ndiyo swali hilo! Anataka wengine wale?

Hofu ambayo Wenceslaus alikuja nayo ilikuwa moja. Alikuwa anawahofia watoto. Sasa alihisi ya pili ikikaa karibu naye kwenye benchi. Mtaa wa pili kutoka hapo kulikuwa na nyumba isiyo na mtu, mlango umeegemezwa jiwe. Bibi aliyekuwa akiishi humo alihama na vyombo vyake kichwani baada ya paa lake kupigwa mawe, na kosa lake lilikuwa macho mekundu ya moshi na neno lililoanza kwenye benchi kama hili, kati ya watu wanaokunywa kahawa. Hakuna aliyekumbuka nani alilisema kwanza.

– Mimi sijasema ni kikongwe, alisema.

– Hujakataa vilevile.

– Redio, soma hapo, alisema Godfrey. Wanasemaje?

Kondo alisita. Kisha akasoma, bila mbwembwe.

– Wameacha habari ya uyoga. Wanauliza huyo mtu ni wa mtaa gani.

– Usijibu, alisema Wenceslaus.

– Sijajibu.

– Kondo, nakuomba. Usijibu.

Hawakuwahi kumsikia akiomba. Kondo akaiweka simu mfukoni, kioo kikiangalia ndani.

Wenceslaus aliuchukua uyoga, akaugeuza. Alitaka kuona kitu ambacho shangazi mwenyewe alimfundisha, wakati huo yeye akiwa mdogo, amemshika upindo wa kanga kwenye pori la miyombo baada ya mvua za kwanza. Shangazi hakuwahi kukata uyoga. Alipiga goti, akaingiza vidole kwenye udongo, akaufukua wote na kumwonyesha sehemu ya chini: "Tazama. Huu mwekundu wetu umetoka kwenye mfuko mweupe, kama kifaranga na ganda lake. Ukikuta ganda, chukua. Usipokuta ganda, uache pale pale, hata kama una njaa." Ndiyo alama yote. Si rangi, si harufu. Ilikuwa pale chini, ndani ya udongo.

Huu, uliobaki kwenye tenga, ulikuwa umekatwa kwa kisu. Juzi shangazi alilalamika alipotua tenga: mgongo haumruhusu kuinama sana siku hizi, na sindano za mipaini zilikuwa zimemchoma vidole, basi akaazima kisu cha wapasua mbao, akaukata wote akiwa ameinama nusu. "Mwekundu wetu, tele, mpaka nikachoka," alisema, kwa furaha.

Hakuna aliyeangalia chini. Alama yenyewe ilikuwa imebaki mlimani, kwenye udongo.

Na utaratibu wa kuonja ulikuwa na swali moja tu: ameamka au hakuamka? Kwenye miyombo swali hilo lilitosha. Hakuna bibi wa ukoo wao aliyewahi kufikiria uyoga ambao unamwacha mtu aamke, lakini usiku wake unampeleka mahali.

– Mtoto mdogo akila, alisema, kama anaongea peke yake. Mtoto wa kunyonya kidole. Akila huo aliokula mtu mzima.

Yassin akalisogeza dele mbali na moto.

– Naondoka, alisema Wenceslaus, akakunja leso.

Alikuwa ameshasimama alipomwona Tumwagile akivuka reli.

Tumwagile alikuwa mke wa mdogo wake. Alikuwa ameolewa mwaka huo huo kutoka Mbeya, na bado alikuwa anajifunza nani ni nani katika nyumba ile. Alikuwa amevaa kitenge kipya cha kumbukumbu na kichwani amebeba hotipoti, mkono mmoja umelishika na mwingine umebeba kikapu. Alifika, akapiga goti kidogo.

– Shikamooni.

– Marahaba, waliitikia, kila mmoja kwa wakati wake.

– Shemeji, nimekutafuta. Shangazi Hildegarda amenituma. Amesema marehemu baba alikuwa anakaa kwenye benchi hili kila siku, haifai leo wenzake wakose. Akachota kwenye chungu, akakifunga tena, akakipasha hiki moto, akasema cha wazee wa kijiweni hakisubiri.

Aliweka hotipoti juu ya taruma, katikati yao, akafungua kifuniko. Mvuke ulipanda. Harufu ilikuwa nzuri. Hilo ndilo lililowatisha zaidi: karanga, nyanya, kitunguu, na kitu cha chini chini chenye harufu ya ardhi iliyolowa. Kando, kikapuni, kulikuwa na ugali uliofunikwa sahani. Vipande vya rangi ya chungwa vilielea kwenye mchuzi mzito.

Tumwagile akamimina maji kwenye beseni dogo alilokuja nalo, akaliinua mbele yao kwa mikono miwili.

– Karibuni. Nani anaanza?

Kwenye kijiwe kile, ambacho hakijawahi kukosa jibu, ilisikika sauti ya mkaa tu.

Godfrey alikuwa akiangalia reli, upande wa Mikumi, kana kwamba anangoja tembo wavuke. Kondo alikuwa anatafuta kitu mfukoni ambacho hakikuwamo. Yassin alikuwa ameshika kikombe kilichokwisha oshwa, akakiosha tena. Tumwagile akatabasamu, kisha tabasamu likaanza kuchoka usoni mwake, maana mikono yake ilikuwa imeshika beseni na hakuna aliyeleta yake.

– Hilda? alisema mzee Yeremia. Aliyeokota ni Hilda? Dada yake Mathayo?

Wenceslaus alimtazama mzee huyo machoni. Alijua kwamba kama atamwaga chakula kile mbele yao, amemwita shangazi yake mchawi bila kufungua mdomo. Na kama atakula, ili kumsafisha, Tumwagile atarudi nyumbani akasema wanaume wamekula, na watoto watapakuliwa.

Akalichukua hotipoti. Akaligeuza juu ya ndoo ya majivu ya Yassin mpaka likabaki tupu.

– Shemeji! alisema Tumwagile.

– Shangazi yangu hakukosea, alisema Wenceslaus. Alijifunza chini ya miyombo, na chini ya miyombo hajakosea hata mara moja. Mimi ni mzima kwa sababu yake. Ule mti ni mgeni. Kosa ni la mti. Mmesikia?

Mzee Yeremia aliinamisha kichwa.

– Nilichosema mimi hapa hakikusemwa. Redio, futa hiyo picha.

– Mzee, nikifuta kwangu kwao inabaki.

– Basi andika kwamba jamaa kautupa, habari imekwisha. Andika sasa hivi nikiona.

– Shemeji, Wenceslaus alisema, nyumbani wameanza kula?

– Nimeacha watoto wananawa mikono. Shangazi alikuwa anaangalia jua.

Kivuli cha nguzo ya stesheni chote kilikuwa kimeingia chini ya nguzo yenyewe. Na wakati Wenceslaus anatoa simu, adhana ya adhuhuri ikaanza msikitini, upande wa soko, ikapita juu ya mabati na reli.

Alimpigia mkewe, Joyce. Iliita. Iliita mpaka ikakata. Alipiga tena, akiwa ameanza kutembea, kisha akitembea haraka, mataruma yakipita chini ya miguu yake. Ikapokewa. Nyuma ya simu kulikuwa na kelele za watoto, sahani zinagongana.

– Haloo? ilikuwa sauti ya shangazi.

– Shikamoo shangazi.

– Marahaba mwanangu. Joyce yuko kisimani. Uko wapi wewe? Nimeshafunua. Harufu imejaa uani.

– Shangazi, watoto wameanza kula?

– Wataanzaje bila wewe? Nilitaka kuwapakulia hawa wadogo, wanalia njaa. Baba yako ndiye amekataa.

Wenceslaus alisimama katikati ya reli.

– Nani amekataa?

– Baba yako. Si huyu hapa, amekaa mlangoni kwenye kiti chake tangu tulipotoka misani. Anasema hali mpaka uje. Wahi basi, unajua anavyokasirika.

Tangu misani. Alikuwa ameamka, amenawa uso, ametembea kwa miguu yake hadi kanisani na kurudi, na bado hajarudi kutoka kule alikopelekwa. Wenceslaus alianza kukimbia. Nyumba ilikuwa mbali bado, ng'ambo ya daraja. Alitafuta neno la kumwambia mwanamke ambaye yeye hajawahi kumkatalia jambo, neno ambalo angelisikia, na lililopatikana lilikuwa moja.

– Shangazi, alisema akihema. Mwambie baba awazuie watoto. Mwambie asimruhusu hata mmoja aguse chungu mpaka nifike mimi.

Kisha akamsikia akigeuka kutoka kwenye simu na kuongea na mtu aliyekuwa karibu, kwa sauti ya upole ambayo mtu humwekea kaka yake mkubwa.

– Umemsikia, kaka? Anasema uwazuie.

Na huko nyumbani, kelele zote za watoto zikanyamaza kwa pamoja.